Irabu za wageni zinanivuruga, mnaojua lafudhi za Kiingereza njooni

Dereva_Ndabaka:
Wakuu habari za jioni. Mimi naendesha watalii, nawachukua hapa Mwanza tunapita geti la Ndabaka tunaingia Serengeti. Kiingereza naongea ila lafudhi zinanivuruga, na wala sio maneno magumu, ni vimaneno vya kila siku. Jamaa wa New Zealand akisema pen mi nasikia pin, fish nasikia kama "fash", halafu Mwaustralia akisema today sikio langu linapata "tudai". Wamarekani nawaelewa, labda kwa sababu ya muvi. Kuna mpangilio hapo au kila mtu anajiongelea tu? Nisaidieni, hii ndo kazi yangu.

Mwl_Nyegezi:
Mkuu mpangilio upo tena mzuri sana. Konsonanti za Kiingereza hazitofautiani sana nchi na nchi, kinachohama zaidi ni irabu. Sisi Kiswahili irabu 5, herufi 5, imeisha hiyo. Wao herufi ni hizo hizo 5 ila sauti, kwa kile Kiingereza cha vitabuni cha kusini mwa Uingereza, zinafika kama 20, sasa zimebanana mdomoni, moja ikisogea na jirani yake lazima asogee, kama siti ya nyuma ya daladala. New Zealand ndo kilichotokea, pan imepanda inakaribia pen, pen nayo ikapanda ikaikaribia pin, pin ikakosa pa kukaa ikarudi katikati ya mdomo. Kwa hiyo ukishainasa moja usiishie hapo, zihamishe zote tatu kichwani, utaona mgeni anaanza kueleweka. Na sio jambo la leo, kati ya miaka ya 1400 na 1700 huko Uingereza irabu ndefu zilihama karibu zote, name zamani ilitamkwa kama "naame", matamshi yakaenda tahajia ikabaki, na watoto wetu ndo wanahangaika nayo darasani.

Mtoto_wa_Igoma:
Nipo Leeds huku, nakuhakikishia hata ndani ya Uingereza penyewe hawafanani. Huku kaskazini cup na put ni irabu moja, yaani cup inakuwa "kup", na bath wanaikata fupi, ukishuka London wanaivuta "baath". Waskoti nao pull na pool kwa wengi wao ni sauti moja ila r wanaitamka yote, mi nawapendea hapo.

Ngosha_Magu:
Mbona mnaisahau lugha ya nyumbani? Kisukuma kina irabu 7 sio 5, tena kuna fupi na ndefu. Msukuma aliyekua na lugha yake sikio lake limeshazoea i mbili tofauti, ship na sheep zisingemsumbua kabisa, ila tukifika shule tunazisoma zote kwa i moja ya Kiswahili, tunatupa kitu tulichokuwa nacho mkononi. Inaniuma sana hii.

Mwl_Nyegezi:
Ngosha umenena. Jumatatu naanzia hapo na form one, wengi wametoka Kwimba na Misungwi na Kisukuma wanakiongea kila siku.