Tupeane uzoefu: mzee wenu mwanajeshi mstaafu alipofariki, jeshi lilifanya nini na familia ilibeba nini?

Mtoto wa Koplo:
Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa kwenye msiba hapa Mbagala, mzee wa JWTZ aliyepigana Kagera, kastaafu siku nyingi. Watoto wanahangaikia hela ya turubai na viti, huku kaka mtu yuko kwenye simu tangu asubuhi: "Gari la jeshi linakuja saa ngapi?" Hakuna gari lililokuja. Walikuja wazee wa mtaani waliopigana naye, wamevaa bereti na medali zao, mmoja bereti imeshapauka hata rangi huijui. Wakasimama mguu sawa pale kaburini, wakapiga saluti, wakarudi kwenye mkeka.

Sasa mimi baba yangu tulimzika Songea na askari walikuja, na alikuwa koplo tu. Ndiyo maana nauliza: nani anapata na nani hapati? Waliopitia waseme.

Chumvi Kali:
Nakaa hapa na kahawa yangu.

Mama Junia:
Umenikumbusha mbali mleta mada. Mazishi ya baba hayakuwa shida, majirani walijaa, kanisa lilijaa. Shida ilianza baada ya kuanua tanga.

Pensheni ya baba ilikuwa inaingia kutoka Hazina. Kadi ya benki alikuwa nayo kaka, na baba alipofariki kadi ikaendelea kubaki kwake. Hakuna aliyejua. Tunaenda kutoa taarifa ya kifo, tumebeba cheti, tunaambiwa kuna pesa zimetolewa baada ya tarehe ya kifo, zirudishwe kwanza. Mama akageuka kumwangalia kaka. Kaka akaanza kusoma tangazo la ukutani.

Hayo yakapita. Likaja la cheti cha ndoa. Baba na mama walioana kimila, mahari ilitoka ng'ombe, wazee wakala, basi. Kijana wa dirishani anamuuliza mama: "Utathibitishaje kuwa wewe ndiye mke?" Mama ana mfuko wa rambo umejaa karatasi: kadi za kliniki zetu, risiti za shule, barua baba alizomwandikia akiwa kikosini. Akazipanga moja moja pale kwenye kaunta, watu wa nyuma kwenye foleni wanaguna. Mwisho akatoa picha, baba kavaa gwanda, yeye kabeba mtoto (ndio mimi), akasema "huyu ni mimi na huyu ni yeye". Kijana akasema picha si kielelezo, ondoa karatasi zako mama, tunafunga.

Mpaka leo nikiona mtu amebeba karatasi kwenye mfuko wa plastiki moyo unanienda mbio. Tulikwenda kwa mtendaji, ukoo ukakaa kikao, muhtasari ukaandikwa, tukafungua mirathi mahakama ya mwanzo, mama akala kiapo. Ilikubalika. Lakini ile siku sitaisahau.

Nyamisi:
Pole sana dada. Kwetu ni hivyo hivyo, toa ng'ombe weka mbuzi.

Kisigino:
Kaka alikuwa na akili huyo. Ukitoa taarifa mapema wanafunga bomba siku hiyo hiyo. Kula kwanza miezi miwili mitatu, gharama za msiba nani atakulipa?

Sajinitaji Mstaafu:
Wewe Kisigino usiwapotoshe watu. Hiyo pesa ya marehemu ikitoka kwenye kadi ni deni, na siku za uhakiki wa wastaafu litajulikana tu. Mjane ndiye atakayeumia, si wewe.

Kuhusu swali la mleta mada. Askari akifia kazini kikosi chake ndicho kinachobeba msiba: jeneza, gari mpaka kwao, bendera, gwaride. Mstaafu ni habari nyingine. Jeshi halioti ndoto kwamba fulani kafa. Ni lazima familia ipeleke taarifa, kikosi cha jirani au ofisi ya mshauri wa mgambo pale wilayani, na iende na namba yake ya jeshi. Siyo kwenda kusema "baba alikuwa mwanajeshi". Alikuwa MT ngapi, yaani namba gani? Alistaafu kikosi gani? Karatasi ya kustaafu iko wapi? Ukiwa navyo, wakiwa na nafasi watakuja. Na mizinga mnayoiona kwenye televisheni ni ya wakubwa. Koplo hapigiwi mzinga.

Kisigino:
Afande punguza ukali, hapa si kwenye kwata. Kwetu Tarime walikuja bila kuitwa na mtu.

Sajinitaji Mstaafu:
Hakuna anayekuja bila kuitwa. Kuna mtu alipiga simu, wewe ulikuwa unakata nyama.

Chumvi Kali:
😂😂😂 Amelala chali.

Ustadhi Mdogo:
Sisi Tanga tuliwaita na walifika, ila yakatokea mengine. Babu alifariki alfajiri, tukataka kuzika baada ya adhuhuri kama ilivyo kwetu. Afisa akaomba kwa adabu tusogeze mpaka alasiri, gwaride liko njiani. Amu zangu wakakataa, mmoja akasema maiti haisubiri lori. Bibi ndiye aliyemaliza: "Huyu bwana alinioa lakini na jeshi pia lilimuoa. Msubirini mke mwenzangu." Watu wakacheka msibani, tukasubiri.

Jeneza lilipofika msikitini lina bendera juu. Imamu akasema swala haisaliwi hivi, iondolewe. Wale askari wawili, nadhani mmoja alikuwa Mkristo, wakavua viatu, wakaingia mpaka mlangoni, wakaikunja taratibu pembe kwa pembe bila kugusa chini, wakasimama nje wameishika mpaka swala ikaisha. Tukatoka, wakaitandaza tena mpaka kaburini, na tarumbeta ikapigwa. Babu kazikwa kwa sanda yake, hakuna kilichopungua.

Abuu Swabri:
Tarumbeta kaburini ni jambo la kuzua. Mngewakatalia.

Ustadhi Mdogo:
Sheikh, mimi nimeeleza kilichotokea. Fatwa sikuomba.

Nyamisi:
Jamani uzi wa msiba huu, msiugeuze darsa. Swali: ile bendera mlibaki nayo?

Ustadhi Mdogo:
Hapana, waliondoka nayo.

Mtoto wa Koplo:
Kwetu Songea alikabidhiwa mama, hadi leo iko kabatini.

Kisigino:
Tarime waliondoka nayo na sahani mbili za pilau.

Mjukuu wa Misenyi:
Nimekuwa nikisoma kimya, lakini ngoja niseme la kwetu maana nimelibeba muda mrefu.

Babu yangu alikuwa na mdogo wake. Tuwaite Mkubwa na Mdogo. Mkubwa alimaliza darasa la saba, cheti anacho. Mdogo aliishia la nne. Amin alipoingia Kagera Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa, vijana wakaanza kuchukuliwa. Mdogo akakiiba cheti cha kaka yake, akajiandikisha kwa jina la Mkubwa, akapanda lori. Nyumbani walijua kakimbilia Biharamulo na wengine.

Mwanzoni mwa 1979 akafa kule Uganda, upande wa Masaka. Ikaja taarifa: Mkubwa kafariki vitani. Aliyeipokea ile taarifa ni Mkubwa mwenyewe, yuko nje anamenya ndizi. Bibi husimulia kwamba mleta taarifa alipouliza jina la mzee aliyempa kiti na akajibiwa, alinyanyuka akasimama mbali kidogo.

Mdogo alizikwa na wenzake Kaboya, Muleba, pale kwenye makaburi ya mashujaa zaidi ya 600. Kaburi lina jina la kaka yake. Sasa sikieni balaa. Malipo yalipotoka yaliandikwa mjane wa Mkubwa. Mjane wa kweli ni mke wa Mdogo, ana watoto wadogo, lakini kwenye karatasi mume wake hakuwahi kwenda vitani. Aliyeitwa kusaini ni bibi yangu, mke wa mtu aliye hai. Na alisaini. Tukaezeka mabati, nyumba ya kwanza pale kitongojini. Mita chache tu kutoka pale, mke wa Mdogo anavujiwa na nyasi. Zile nyumba mbili hazikuamkiana mpaka sisi tumekuwa wakubwa.

Babu yuko hai. Alishakwenda Kaboya siku ya Mashujaa, 25 Julai, akasimama mbele ya kaburi lake. Mpiga picha akamuuliza: "Ni ndugu yako?" Akajibu: "Ni mimi."

Chumvi Kali:
Daaah.

Nyamisi:
Nimeishiwa nguvu. Mke wa Mdogo alifariki bila kupata kitu?

Mzee Kijiko:
Hii chai. Tena ya maziwa. Jeshi lina alama za vidole, huwezi kuingia na jina la mtu.

Mjukuu wa Misenyi:
Mzee Kijiko, 1978 watu walikuwa wanapandishwa malori, mgambo kwa maelfu, adui yuko ng'ambo ya mto. Nani angekushika kidole?

Nyamisi, alifariki. Watoto wake walijaribu kuandika barua, wakaambiwa walete uthibitisho. Uthibitisho upi? Wa kwamba babu hakufa?

Sajinitaji Mstaafu:
Si chai. Kombania yetu tulikuwa na vijana wawili wanaoitwa kwa majina ya kaka zao. Tuliwajua, tukanyamaza. Kijana akishika bunduki na kukulinda humuulizi cheti.

Kisigino:
Mkubwa akifa mtaandika nini kwenye kaburi? Si ataonekana kafa mara mbili?

Mjukuu wa Misenyi:
Kashasema tusiandike kitu, jina lake limeshatumika.

Wakili wa Kijiweni:
Warithi wa Mdogo wafungue mirathi kwa jina lake halisi, kisha Mkubwa ale kiapo cha majina angali hai kueleza cheti kilichukuliwa na nani. Babu ndiye shahidi. Fanyeni upesi, na msinilipe kwa ndizi.

Mama Junia:
Kwa hiyo bibi yako alisaini akijua? Samahani, lakini huo ni wizi wa mjane.

Mjukuu wa Misenyi:
Dada, nakuheshimu. Bibi alikuwa ameitwa na watu wenye bunduki, anaonyeshwa mahali pa kusaini. Sikuleta hapa aje ahukumiwe.

Mama Junia:
Mabati je, alionyeshwa na wenye bunduki?

Mtoto wa Koplo:
Jamani taratibu. Turudi kwenye mada.

Mmachame Houston:
Mimi la ugenini kidogo. Kaka yangu alitumikia jeshi la Marekani, akaenda Irak akarudi salama, akaja kufa kwa ajali barabarani. Serikali ya huku ilikuwa tayari kumpa kaburi bure kwenye makaburi ya taifa ya maveterani hapa Houston, jiwe bure, kutunzwa milele, na mke naye angezikwa hapo hapo bila malipo. Karatasi moja tu ndiyo kila kitu, ya kuachia jeshi, wanaiita DD-214. Usipokuwa nayo unazunguka.

Mama akasema hapana, mwanangu analala kihambani, kwenye shamba la ukoo. Kusafirisha mwili kulikuwa juu yetu, tukachangishana mpaka Watanzania wa Dallas wakaacha kupokea simu zangu. Lakini jiwe walitupa, maana wanatoa hata kama kaburi liko nje ya Marekani. Unachagua na alama ya imani, tukachagua msalaba wa Kilutheri. Kulisimika ni kazi yenu: fundi wa Machame alilitazama akasema maandishi madogo, akataka apake rangi nyeusi yaonekane. Shemeji akagoma. Wakabishana kaburini mchungaji anasubiri.

Chumvi Kali:
Ilipakwa?

Mmachame Houston:
Ilipakwa. Mama ndiye mwenye kihamba.

Wa Voi:
Salaam kutoka Kenya. Mnaongelea kaburi lenye jina lisilo lake, babu wa babu yangu hana hata hilo. Alibebeshwa mizigo na Waingereza Vita ya Kwanza, Keria Kopsi (kikosi cha wapagazi), hao ndio waliozaa Kariakoo yenu na Kariokor yetu Nairobi. Nimepita makaburi ya Taveta na ya hapa Voi, mawe meupe yamepangwa, maua yamekatwa vizuri, majina ya kwetu huyaoni. Tume yao ya makaburi ya vita ilikiri kwenye ripoti ya 2021: watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba msamaha. Hilo jiwe la Machame lenye rangi nyeusi naliona ni anasa.

Nyamisi:
Na fidia je?

Wa Voi:
Fidia ya nani, na jina hawana?

Mtoto wa Koplo:
Asanteni wakuu. Yule kaka wa Mbagala ameniambia namba ya mzee hawaijui, na karatasi ya kustaafu inasemekana ilikaa kwa mke mdogo Kigoma. Aanzie wapi?

Sajinitaji Mstaafu:
Aangalie nyuma ya medali na ndani ya mkanda. Wengi tuliandika namba kwenye mkanda usiibiwe.

Kisigino:
Au apande treni Kigoma na zawadi.

Wakili wa Kijiweni:
Aanze na cheti cha kifo RITA, wanaosajili vizazi na vifo, kabla siku 30 hazijapita. Mke mdogo baadaye.

Mama Junia:
Mke mdogo kwanza! Akisikia mmefungua mirathi bila yeye ataweka pingamizi, mtakaa miaka. Mpigieni leo, mumuite kwenye kikao cha ukoo, akija na karatasi mumpe nauli ya kurudi.

Mzee Kijiko:
Na mtoe nakala kabla hamjampa nauli.