Mfumo wa kituo chetu umegoma siku nzima: waliotufungia seva hawakuwahi kuizima na kuiwasha hata mara moja

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta kwenye kituo kimoja cha afya huku Kanda ya Ziwa. Jumatatu alfajiri, saa 11 na dakika 40, umeme ulikatika. Betri za UPS zilikuwa zimeshachoka, na barua ya kuomba mpya nilishaiandika tangu mwezi wa pili. Zikashikilia dakika chache, seva ikazimika kabla mlinzi hajafika kwenye jenereta. Umeme uliporudi, seva ikawaka bila shida, Linux, mfumo endeshi wake, ikapanda mpaka mwisho. Mfumo wa kituo haukupanda. Mapokezi hawana kitu, dirisha la malipo hawana kitu, famasi na maabara vilevile.

Saa moja na nusu mabenchi yamejaa. Dada wa malipo katoa daftari la kaunta, anaandika majina kwa mkono. Kulikuwa na mama mwenye mtoto wa homa, katoka kijijini kwa bodaboda. Kipimo alishakilipia Jumapili, ila risiti ilikuwa imelowa mvua, namba haisomeki, na jina lake limo ndani ya database. Nilimpita mara nne nikienda chumba cha seva, na kila nikitoka ananyanyuka akidhani nimekuja na jibu. Saa sita mganga mfawidhi akaamua mtoto apimwe upya bila kulipia. Saa sita! Tangu asubuhi.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinaendelea kwenye seva. Database yetu ni PostgreSQL, waliotufungia mfumo waliijenga wenyewe wakaiweka kwenye /opt/pgsql. Nikijaribu kuiwasha inanijibu kwamba folda ya data haipo:

pg_ctl: directory "/data/pgsql" does not exist

Nikijaribu programu yenyewe ya kituo, nayo haioni laibrari ya kuongea na database:

error while loading shared libraries: libpq.so.5: cannot open shared object file: No such file or directory

Nikafungua /data. Tupu. Hakuna hata faili moja. Kumbukumbu za wagonjwa wa zaidi ya mwaka mzima zinatakiwa ziwe pale, na hakuna kitu. Mikono ilinitetemeka, sioni aibu kusema.

Nikawapigia waliotufungia. Kijana aliyepokea hakuuliza hata swali moja. Akasema umeme umeua database, kwamba "mmezima vibaya", nitengeneze hiyo folda upya halafu niendeshe initdb ili kituo kiendelee na kazi, data za zamani watazishughulikia baadaye kwa malipo ya dharura.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Kwa wasioijua: initdb inatengeneza database mpya, tupu kabisa. Ningemsikiliza, kituo kingeanza kuandika wagonjwa wa Jumatatu kwenye database mpya iliyokaa kwenye diski ndogo ya mfumo, huku ile ya kweli ikiwa nzima kwenye diski yake, haijaguswa. Baada ya wiki tungekuwa na database mbili, kila moja ina nusu ya ukweli, na namba za mafaili zinagongana. Halafu siku mtu anairudisha diski ya zamani pale /data, inaifunika ile mpya, wagonjwa wa wiki nzima wanapotea machoni. Mtu anatoa agizo kama hilo kwa simu, kwa kituo cha wagonjwa, bila kuuliza kama diski imeunganishwa!

Nikakata simu, nikaenda kwenye historia ya amri za root, yaani msimamizi mkuu wa seva. Yote yalikuwa mle, mistari iliyofuatana, tangu siku waliyotukabidhi:

mount /dev/sdb1 /data
export LD_LIBRARY_PATH=/opt/pgsql/lib
su postgres -c '/opt/pgsql/bin/pg_ctl -D /data/pgsql start'

Mstari wa nne ni wa kuwasha programu ya kituo. Hiyo ndiyo kazi tuliyoilipia. Diski waliiunganisha kwa mkono, hawakuiandika kwenye /etc/fstab, orodha ya diski ambazo seva inaziunganisha yenyewe inapowaka. Njia ya laibrari waliiandika kwenye terminali, na ile terminali ilipofungwa ikaondoka nayo. Database waliiwasha kwa mkono, hakuna huduma yoyote ya systemd (kiwashaji cha programu cha Linux) ya kuiamsha seva inapowaka. Wiki mbili tu kabla ya tukio nilikuwa nimeangalia uptime, yaani muda ambao seva imewaka bila kuzimwa: siku 398. Kwa siku zote hizo mfumo ulikuwa unaishi kwenye kumbukumbu ya mashine, ukisubiri umeme ukatike.

Nikaendesha blkid, amri ya kuorodhesha diski. Diski ipo, nzima, ila sasa inaitwa sdc, kwa sababu diski ya USB ya bakapu ilikuwa imechomekwa wakati seva inawaka na ikachukua jina la sdb. Kwa hiyo hata mtu angeirudia amri yao ileile, angeiunganisha diski isiyo yenyewe. Ndiyo maana kwenye fstab watu wanaandika UUID, namba ya utambulisho ya diski yenyewe, haitegemei nani kawahi kuonekana.

Nikaiandika kwenye fstab kwa UUID, nikaiunganisha. Folda ikarudi na kila kitu chake. Nikaandika /opt/pgsql/lib kwenye faili ndani ya /etc/ld.so.conf.d, nikaendesha ldconfig ili seva ikumbuke njia hiyo, kisha ldd, inayoonyesha laibrari ambazo programu inazihitaji: pale palipokuwa pameandikwa "not found" sasa pana njia kamili. Nikawasha database, logi ikasema haikuzimwa vizuri na inajirejesha yenyewe. Sekunde chache, iko tayari kupokea. PostgreSQL imeundwa hivyo: kila badiliko linaandikwa kwanza kwenye WAL, daftari lake la mabadiliko, umeme ukikatika inasoma pale na kuendelea. Risiti ya mwisho kabisa, ya dripu ya mtoto wa wodini, ya saa 11 na dakika 31 alfajiri, ilikuwemo. Umeme haukuua chochote.

Ilikuwa saa nane na robo mchana. Kurekebisha kwenyewe hakukufika dakika arobaini. Muda wote ule mwingine niliutumia kutafuta kitu ambacho hawakukiandika popote, na kusubiri simu zao.

Jumamosi usiku, mganga mfawidhi akiwa amesimama pembeni yangu, niliizima seva kwa makusudi na kuiwasha. Sasa kuna huduma mbili za systemd, ya database imewekewa sharti la RequiresMountsFor=/data ili isithubutu kuwaka diski ikiwa haipo. Ilipanda yenyewe, sikugusa kibodi. Dakika tatu. Jaribio hilo la dakika tatu lilikuwa la kufanywa siku ya makabidhiano, mbele yetu, kabla hatujasaini. Hawakulifanya, na pesa yote walichukua.

Jana ankara yao imefika. Wanadai "huduma ya dharura ya kurejesha database". Hawakurejesha kitu. Nimeandika barua ya kuikataa, nimeambatanisha ile mistari ya historia pamoja na logi, na mganga mfawidhi ameisaini leo asubuhi.

Wakuu mnaoangalia seva za vituo, shule, SACCOS, popote mlipofungiwa mfumo na watu wa nje: naomba ingieni leo hii muangalie uptime, halafu mfananishe /etc/fstab na kile mnachokiona kwenye amri ya mount, inayoonyesha diski zilizounganishwa sasa hivi. Kama kuna diski iko kwenye mount na haimo kwenye fstab, iandikeni hapa, na mseme kama waliowafungia waliwahi kuizima hiyo seva mbele yenu.