Mrejesho: understand na "kusimama chini"

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini neno la Kiingereza understand lina "kusimama chini" (under ni chini, stand ni kusimama) ndani yake ilhali maana ni kuelewa. Nilifuata ushauri wa kutafuta kamusi ya historia ya Kiingereza, siyo hii ya kawaida. Kumbe neno ni la kale, understandan, na under ya enzi hizo ilibeba pia maana ya "kati ya", yaani kusimama katikati ya jambo. Wajerumani nao wana verstehen, yaani kuelewa. Stehen ni kusimama. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wamelipokea vizuri. Kulinganisha na comprehend, neno jingine la kuelewa lililotoka Kilatini na lenye maana ya kushika, kuliwachanganya tu, nikaacha. Na jinsi kusimama kulivyogeuka kuelewa, wataalamu wenyewe bado wanavutana. Asanteni sana.