Shahada ya uuguzi mtandaoni huku niko zamu, nani amejaribu?

Muuguzi wa Ujiji:
Habari wadau. Niko wodi ya wazazi hapa Kigoma, nina stashahada. Nikienda kusoma Dar, watoto nimwachie nani? Usiku nikipata upenyo nasomea simu pembeni ya toroli la dawa, mpaka mvua ianze upande wa ziwani, mtandao kwishney.

Jibu:
Dada, kabla hujalipa ada uliza TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kama wanakitambua chuo, na Baraza la Uuguzi na Ukunga pia. Mwenzangu cheti chake kimelala kabatini.

Jibu:
Na mazoezi ya wodini? Hayo Zoom haina.

Muuguzi wa Ujiji:
Ndipo penye mfupa. Chuo kimoja kilisema nitayafanyia hapahapa. Nikaomba waniandikie, wiki ya pili hii kimya.