Eunos Roadster ya 1991 na kero zake ndogo ndogo: spea mpya, used au kuungaunga?

Nkuhungu_Moja
Wakuu, salama? Nimechukua Eunos Roadster ya 1991, ile ambayo nje ya Japani ni Mazda MX-5. Injini 1600, gia za mkono, taa za kufumba na kufumbua. Bodi safi, paa ni la turubai la kukunja, na toka Dar mpaka Dodoma haikunisumbua. Kero zimejitokeza nilipoanza kuizungusha mjini. Taa ya kushoto haiamki, ya kulia inaamka vizuri. Nikikaza kupanda UDOM inamisi (inakatakata nguvu), kwenye tambarare iko shwari. Asubuhi pedali ya klachi inazama, mpaka niipige piga ndiyo gia iingie. Kapeti nyuma ya viti imelowa. Na ikiwashwa ya baridi inagonga juu kwenye tapeti (vile vinavyosukuma valvu), ikipata moto inanyamaza.

Fundi aliyeiona anataka ninunue mota ya taa, koili na klachi nzima. Sasa niagize mpya Japani nisubiri, nimtume mtu Ilala aniokotee used, au fundi aunge na vya gari nyingine? Ipi inalipa?

FundiUmeme_Makole
Hongera kwa chombo, mkuu. Mota usinunue kwanza. Swichi na fyuzi zinatumika na taa zote mbili, kwa hiyo kama ya kulia inaamka, hivyo ni vizima. Ugonjwa uko kushoto tu.

Chomoa fyuzi ya mota za taa, isije ikaamka vidole vyako viko ndani. Fungua boneti, kwenye mota ya kushoto utaona kifuniko cha mpira. Kivue, chini yake kuna kirungu cha kuzungusha kwa mkono. Zungusha bila haraka, mizunguko ni mingi, taa itakuwa inapanda kidogo kidogo. Ikipanda laini, vyuma havina shida, nenda kwenye soketi ya mota: ichomoe, angalia kama pini zimeota ukijani. Ikikwama njiani, maungio yake yamekauka, yanataka kusafishwa na grisi. Umeme ukifika kwenye soketi na mota ikabaki kimya, hapo ndiyo ukanunue, na used ya Ilala inatosha kabisa. Kitu kinachofanya kazi sekunde chache kwa siku hakiishi kirahisi.

Mama_Spana
Kwenye mota nakubaliana na fundi. Kwenye klachi, used hapana.

Klachi iliyoisha inateleza: injini inapanda mlio, gari haliendi. Yako ni pedali inayozama, hiyo ni mafuta yanavuja au hewa imeingia. Mwambie fundi alale chini aangalie silinda ya klachi ya chini, ile iliyo ubavuni mwa giaboksi. Afunue kile kiatu cha mpira. Kikidondosha majimaji, jibu mmeshapata. Kisha upapase kule pedali ilikoshikiliwa ndani, kama kuna ulowevu wa mafuta basi na silinda ya juu inavuja. Mpira wa used una umri uleule wa mpira wako, utalipia ufundi mara mbili. Kuunga ndiyo kabisa usithubutu. Silinda ya gari nyingine inaweza kukubali bolti zote, lakini pistoni ikiwa na kipenyo tofauti, pedali inakuwa ngumu au klachi haiachii sawasawa. Nunua mpya, badilisha mafuta yote, toa hewa.

Tapeti za injini hiyo zinajirekebisha zenyewe kwa presha ya oili. Mtu akija "kuseti tapeti" kwa spana, mnunulie soda aende zake. Badilisha oili na filta uendelee na maisha.

Kijiwe_Sabasaba
Uza, chukua IST. Ila kabla hujauza nipitie hapa Sabasaba na turubai likiwa chini, watu wanione 😂

TurubaiChini_Moro
Ninayo kama hiyo. Maji nyuma ya viti, turubai usililaumu bado. Mvua ikiteremka kwenye turubai inaingia matundu mawili, moja kila upande nyuma ya viti, inashuka kwa mabomba na kutokea chini ya gari karibu na matairi ya nyuma. Ukiegesha chini ya mwarobaini, vijani vinaingia mle, vumbi la Dodoma linakuja kugeuka tope juu yake. Mimina kikombe cha maji kwenye tundu. Kisipotokea chini, pameziba. Zibua kwa nailoni ya mashine ya kufyekea majani. Waya wa hanga unatoboa bomba, halafu maji yanajaa kwenye vizingiti vya milango na kutu inaanzia usikokuona.

Angalia na betri, iko ndani ya buti. Iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa ya kufungwa, yenye vijibomba vya kutolea gesi nje. Ukikuta mtu kaweka betri ya maji ya kawaida, itoe, mvuke wa asidi unakula bati la buti. Hapa mimi sibani hela.

Kizota1600
Koili msiinunue! Injini hiyo ina koili mbili, kila moja inachoma silinda mbili. Ikifa moja, silinda mbili zinalala pamoja na gari litatetemeka hata likiwa limesimama. Kumisi kwenye mlima tu, mshtakiwa wa kwanza ni waya za plagi. Usiku fungua boneti gizani injini ikiwaka, waya mbovu utaziona cheche zake. Weka mpya, pamoja na plagi NGK BKR5E-11 au BKR6E-11. Hiyo 11 ni nafasi ya milimita 1.1, msiibane kwa mazoea.

Ukiwa pale nyuma ya injini, angalia kama oili inavuja kwenye sensa ya kamshafti. Ni o-ringi tu (pete ya mpira), bei ya kutupa, ila weka alama kabla ya kuitoa maana ikizunguka inavuruga taimingi. Halafu rejeta: plastiki ya juu ikishageuka kutoka nyeusi kuwa kahawia, iko mbioni kupasuka. Na visima vingi vya huku maji ni ya chumvi, usimwage humo, tumia kulanti.

Nkuhungu_Moja
Soketi ya taa ilikuwa na pini imeota ukijani, imesafishwa, taa imefumbuka. Kiatu cha silinda ya chini kimedondosha mafuta kama alivyosema mama. Koili na klachi nimezifuta kwenye orodha. Rejeta ni ya kahawia tayari, kwa hiyo naagiza rejeta, silinda, waya, plagi na o-ringi. Taiming belti nayo niiongeze? Haina rekodi ya kubadilishwa.

Mama_Spana
Iongeze, na wota pampu, maana kazi ni ileile ya kufungua mbele. Kwenye hiyo 1600 belti ikikatika valvu hazigongi pistoni, injini haifi. Lakini hiyo haitakufariji ikikuzimikia Gairo saa nane za usiku.