Sebule ya kona iliyokatika: sofa la L au seti ya 3-2-1-1?

Mpangaji Moshono
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla ya Jumamosi, fundi anataka nusu ya hela ndipo aanze kazi. Nimehamia nyumba huku Moshono na sebule yake imenishinda. Kiwanja kina pembe, mwenye nyumba alijenga kufuata mpaka, kwa hiyo ukuta mmoja umekwenda mshazari na kona moja imekatika. Chumba ni kirefu halafu chembamba. Mwenzangu anataka sofa la L, mimi naona seti ya 3-2-1-1, yaani la watatu, la wawili na viti viwili vya mmoja mmoja. Mliopitia haya, lipi linafaa?

Fundi Rau
Mkuu, hapo bado hujasema kitu. Urefu ngapi, upana ngapi? Milango mingapi, na inafungukia ndani au nje? Soketi ya TV iko ukuta gani? Nyumba ni yako au umepanga? Bila hayo kila mtu atakutajia sofa la kwake.

Kijana Sakina
Chukua L, usihangaike. La kwangu limekaa kona, watu sita wanakaa, katikati panabaki peupe watoto wanacheza. Seti ya 3-2-1-1 ni mambo ya zamani: makochi yamezunguka ukuta mzima, kila moja na vitambaa vyake vya kufuma, mgeni anapita kiubavu.

Bibi Kiboriloni
Mwanangu, vitambaa vimekukosea nini? Vinakaa pale kichwa na mikono vinapoegemea, ndipo mafuta ya nywele na jasho vinapoingia. Kitambaa unakitoa unakifua, kinakauka mchana mmoja. Kochi utalianika wapi?

Mpangaji Moshono
Samahani wakuu. Urefu ni meta 6.2, upana 3.1, ila mwisho wenye mshazari unabaki 2.4. Milango mitatu: wa nje, wa jikoni na wa korido ya vyumbani. Soketi iko ukuta mfupi, chini ya dirisha. Nimepanga.

Fundi Rau
Sasa tunaongea. Sofa la kawaida, kutoka mgongo hadi ukingo wa kukalia, linakula kama sm 90. Ukipanga makochi yatazamane pande mbili umeshatumia 1.8, inabaki 1.3. Meza ya kati ya sm 50 na nafasi ya magoti sm 40 kila upande, imekwisha. Watu watapita juu ya miguu ya wageni. Kwa hiyo makochi makubwa yakae upande mmoja tu wa ukuta mrefu, njia ya kutoka mlango wa nje kwenda jikoni iachiwe angalau sm 90. Seti nzima haiingii. La watatu na viti viwili vya mmoja mmoja vinaingia, la wawili liache.

Kuhusu L: kona ya L ni nyuzi 90. Ukilisukuma kwenye ukuta wa mshazari, nyuma yake panabaki pembetatu isiyofagilika, vumbi la Arusha litajaa humo pamoja na rimoti.

Mama Njiro
Ndugu yangu, wewe ni mpangaji, kwa hiyo nisikilize. Nilitengenezesha L kwa fundi mmoja, jina lake nalihifadhi. Nikamwambia mkono mrefu uwe kulia, yaani kulia kwangu nikiwa nimekaa. Yeye akachukua kulia kwake akiwa amesimama analitazama. Limeletwa jioni, mvua inanyesha, mlangoni haliingii. Wakatoa mlango kwenye bawaba, wakang'oa miguu ya sofa, wapi. Mwisho likapitia dirishani baada ya kukata nondo, na mwenye nyumba akanilipisha dirisha. Limefika ndani, mkono mrefu umeziba mlango wa jikoni. Ukitaka kuleta chai unazunguka nje!

Haijaishia hapo. Baada ya muda nikawa nafagia, chini ya sofa nakuta unga mweupe laini kama sembe. Nafagia, kesho upo tena. Nikaligeuza, nikapasua kitambaa cha chini: mbao zimetobolewa vitundu vidogo vya mviringo, bungua wamekula fremu yote. Juu lilikuwa zuri, mbao ndani zilikuwa mabaki yasiyotiwa dawa. Nilipohama, nyumba mpya kona yake iko upande mwingine, nikaliuza kwa bei ya kutupa. Nilie mara ngapi?

Kijana Sakina
Pole mama, lakini hiyo ni shida ya fundi, si ya L.

Mama Njiro
Fundi akikosea kiti kimoja nakihamishia chumbani. Akikosea L nalihamishia wapi?

Mangi Pasua
Mnasahau jambo kubwa. Mnasali jumuiya? Zamu ikifika kwenu, watu ishirini wanakaa wapi? Na Desemba ndugu wote wanapopanda kutoka Dar? Sisi sebuleni tuna sofa moja tu la watatu, na stuli za mninga zinazosukumwa chini ya meza. Siku ya jumuiya zinatoka, viti vya plastiki vinaongezwa, ibada inaendelea. L hata ulisukume vipi linabaki hapo hapo.

Shanty Town
Mimi naomba kuuliza, dirisha hilo linaangalia wapi? Kama ni kaskazini, upande wa Meru, usiweke TV hapo. Mwezi wa sita na wa saba jua liko kaskazini, litaingia moja kwa moja, na mwanga ukitokea nyuma ya TV macho yanauma. Vuta waya uipeleke ukuta mrefu. Halafu mlima wenyewe, mtu anauwekeaje TV mbele? Sisi huku Moshi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana vizuri alfajiri na jioni, mawingu yakiondoka. Kiti changu kimegeukia hapo na hakisogezwi.

Kijana Sakina
Arusha mwezi wa saba baridi ile dirisha liko nyuma ya pazia zito mzee, mlima tutauona Septemba.

Mpangaji Moshono
Dirisha linaangalia Meru kweli. Ila TV kuihamisha lazima nimwombe mwenye nyumba atoboe ukuta. Mwenzangu amesoma yote haya, bado anataka sehemu ya kunyoosha miguu.

Fundi Rau
Hilo ni rahisi. Atengenezewe la watatu na stuli moja pana yenye sponji ngumu, kimo sawa na kiti. Akiisogeza kulia ni L, akiisogeza kushoto ni L. Mkihama inapita mlango wowote. Hakikisha tu fundi anakuonesha fremu kabla ya kuivisha kitambaa, uone mbao ni kavu na zimetiwa dawa.

Bibi Kiboriloni
Na rangi isiwe krimu, kuna watoto.

Kijana Sakina
Krimu ndiyo inafanya chumba chembamba kionekane kikubwa, bibi.

Mama Njiro
Kionekane kikubwa kwa wiki moja.