Eti "mpakie na dagaa": huyu kapteni wa baiskeli hapa Mwanza ananitafuta nini?

Mkwe wa Mabatini (mleta mada)

Wadau, mwangaluka. Naandika nikiwa nimekalia upande mmoja kama mtu aliyetoka kuchomwa sindano, na nanuka. Nimeoga mara tatu. Mara ya tatu mke wangu kanikamulia ndimu na kunisugua kama anaosha utumbo. Bado. Paka wote wa Mabatini wamenisindikiza hadi nyumbani, na mmoja mpaka sasa yuko mlangoni, anasubiri.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule wa miwani inayong'aa rangi saba kama mafuta ya taa yaliyomwagika ziwani, nguo imembana kama sato ndani ya nailoni. Ukipita Furahisha Jumapili alfajiri, ndiye anayewapulizia wenzake filimbi kama trafiki.

Tangazo lake kwenye grupu: Mwanza hadi Magu na kurudi, kama kilomita 120, mwendo wa kirafiki, 20 hadi 22 kwa saa, hakuna anayeachwa. Nikasema mimi ni Msukuma, baiskeli nimeijua kabla ya viatu, nimewahi kumbeba bibi na gunia la pamba kwenye keria moja. Magu ni nini?

Tumeondoka saa kumi na moja na nusu. Hadi Buzuruga urafiki upo. Kuvuka Igoma tu, jamaa kainama: 30, 32, 34. Mimi nimeng'ang'ania tairi la aliye mbele yangu, sioni Kisesa, sioni Bujora, naona makalio ya watu tu. Nikapeleka mkono mfukoni nitoe matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) aliyonipa mama mkwe, kapteni huyo kageuka: "Hatuli njiani! Tutakula Magu!" Utadhani naiba.

Magu tukala. Nilikuwa na njaa ya siku tatu, nikaagiza ugali na sato, sato mzima, na soda mbili za baridi. Msianze.

Kurudi tukaondoka saa nne na ushei kwa sababu kapteni alikuwa anapiga picha na baiskeli yake kama bwana harusi. Jua hilo, na upepo wa ziwa umeshaamka. Tulipokaribia Nyanguge yule sato akaanza kuogelea upya. Nikashuka, nikakaa chini ya mwembe. Nilichohitaji ni maji na dakika kumi. Dakika kumi, jamani! Kapteni akasimamisha kirikuu iliyojaa magunia ya dagaa yanayokwenda soko la Mwaloni, akampa dereva elfu tano, akasema, watu kumi na wanne wanasikia:

"Huyu mpakie na dagaa, mshushe Igoma."

Mpakie. Mtu hupandishwa gari. Kinachopakiwa ni mzigo. Na hakusema "juu ya dagaa", kasema "NA dagaa", yaani mimi na dagaa ni shehena moja, tofauti yetu ni ukubwa wa vichwa. Nina miaka 43, nina wakwe wawili, na dogo yule kwa umri alitakiwa kuniamkia shikamoo kwanza ndipo anipakie.

Halafu Kisesa kirikuu ikawapita. Niko juu ya gunia, nimekumbatia baiskeli. Kapteni akaachia usukani mkono mmoja, akanipigia saluti. Jioni kwenye grupu hakuandika neno. Kaweka kisamaki kimoja.

Mpakie na dagaa. Mimi!

Kiraka cha Jana
Ugali na sato saa mbili asubuhi, katikati ya kilomita 120. Mkuu, dagaa ndio waliotakiwa kulalamika.

Bi Mdogo wa Bwiru
Nimecheka hadi mtoto kaamka. "Tofauti yetu ni ukubwa wa vichwa." Pole baba, lakini naomba picha.

Mzee wa Gia Moja
Chai hii, haina hata tangawizi. Bila picha uzi haujakamilika.

Mkwe wa Mabatini
Picha anazo yeye! Ndiyo uchungu wangu! Na hebu nijibuni: mpakie au mpandishe?

Fundi Spoku
Mpandishe ni nauli, mpakie ni ushuru wa mzigo. Kwa elfu tano pamoja na baiskeli, kapteni kakuokolea hela. Shukuru.

Nyanda Mwendo
Acheni utani kidogo. Nimemfuata huyo kapteni miaka miwili na makosa yake nayajua. Mwili ukikanyaga kwa nguvu, akiba yake ya sukari ni ya saa moja na nusu hadi mbili, basi. Ukisubiri njaa ikuume umeshachelewa. Unaanza kula ndani ya nusu saa ya kwanza, kidogo kidogo: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina kama 25, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa, au hayo matobolwa unayatafuna huku unakanyaga, na maji yenye chumvi kidogo unayanywa kabla kiu haijaja. Eti "hatuli njiani". Yeye mwenyewe ana asali kwenye kichupa ndani ya soksi, nimeiona kwa macho yangu.

Na wewe mleta mada usijifiche. Sato mzima na ugali vinakaa tumboni masaa, damu inaitwa tumboni na miguuni kwa wakati mmoja. Ungekula chapati na chai ya sukari, ungefika Mabatini unaimba.

Mkwe wa Mabatini
KWENYE SOKSI??

Kiraka cha Jana
Mimi nauliza mavazi. Kwa nini umekalia upande mmoja?

Mkwe wa Mabatini
Nilivaa ile kaptula yao yenye sponji. Ndani boksa, na bukta moja ya mpira kwa usalama.

Fundi Spoku
Kwa usalama wa nani? Ile kaptula inavaliwa peke yake, ndugu yangu! Chini hakuna kitu ila mafuta ya kujipaka. Hizo pindo za boksa kwa kilomita themanini ni msasa. Wewe umejipiga randa mwenyewe.

Bi Mdogo wa Bwiru
Kajipiga randa, kisha kajipakia kwenye chumvi ya dagaa. Jamani, huyu mwanaume kateseka.

Mkwe wa Mabatini
SIKUJIPAKIA. NILIPAKIWA.

Mtoto wa Kigongo
Afadhali wewe umeokotwa. Sisi tunaokwenda Sengerema tumeharibiwa na daraja. Zamani ukifika Kigongo, upende usipende unasubiri kivuko: unakula ndizi, unajinyoosha, na mzembe wa mwisho anawakuta hapo hapo. Tangu Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 za lami juu ya maji, kapteni wetu hasimami hata kuosha uso. Kivuko kilikuwa na huruma kuliko makapteni wote wa kanda hii.

Mzee wa Gia Moja
Na juu ya lile daraja upepo wa mchana unakusukuma ubavuni kama mtu anayekudai.

Nyanda Mwendo
Ndiyo nasema siku zote. Usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka. Kwa hiyo unajitunza asubuhi, na kurudi mnapokezana mbele, kila mmoja dakika zake chache, dhaifu anakaa nyuma wanamkinga. Mtu anayewapiga 34 asubuhi halafu akapiga picha hadi saa nne, huyo si kapteni, ni mpiga filimbi.

Mama Kengele
Mnalia na upepo? Njooni mlie na mabasi ya Musoma. Juzi moja limenipigia honi sikioni, nimeingia mtaroni na kikapu cha nyanya. Nyanya zote supu. Na mimi sikuwa na sponji wala miwani, nilikuwa nakwenda sokoni.

Kiraka cha Jana
Pole mama. Hao ni kansa. Ila na nyie wa vikapu washeni taa basi, saa kumi na moja alfajiri mnatembea kama majini.

Mama Kengele
Taa uninunulie wewe.

Fundi Spoku
Reflekta ninazo, karibuni Nyakato. Mama Kengele nakufungia ya nyuma bure, lete na nyanya.

Mkwe wa Mabatini
Jamani mada. Watu kumi na wanne walisikia. Hata mmoja hakusema "kapteni, hapo umekosea". Mpakie!

Mzee wa Gia Moja
Mmoja wao nilikuwa mimi. Nilitaka kusema, pumzi ikakataa.

Bi Mdogo wa Bwiru
Kumbe ulikuwepo na ulikuwa unadai picha? Mnafiki mkubwa.

Shangazi wa Bukoba
Samahani nimechelewa. Hao dagaa walikuwa wakavu vizuri au wana mchanga? Natafuta wa jumla, huku kwetu wananiuzia wamechanganywa na takataka.

Mama Kengele
Swali zuri. Wa mchangani wanachosha kuosha. Uliza kama walianikwa kwenye chanja.

Kiraka cha Jana
Kwa harufu anayoisimulia huyu, hao walinyeshewa.

Mkwe wa Mabatini
Hapana, tuwe wakweli, walikuwa wazuri. Niliwakalia kutoka Nyanguge hadi Igoma, walikuwa wanakatika kama njiti chini yangu, na mchanga sikuuona. Dereva aliniambia ni wa chanja, na kuanzia magunia matatu anapunguza.

Shangazi wa Bukoba
Namba yake unayo?

Mkwe wa Mabatini
Ninayo. Njoo pm.